Sanda Tatu za Pantaleo

Pantaleo alifiwa mara tatu katika miezi minne, na mara zote tatu hakulia.

Januari alifiwa na mjomba. Machi akafiwa na baba mdogo. Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yanamwagika bila haya na Mtaa wa Sikukuu umegeuka tope, akaja tena kupiga hodi kwa Bi Sitara, kofia mkononi, akasema binamu yake naye katangulia. Bi Sitara alikuwa mwenye nyumba wake, na pia balozi wa nyumba kumi. Mwaka ule wa themanini na tatu kitambaa cheupe hakikupatikana dukani ila kwa barua ya balozi: huyu ndugu amefiwa, apewe yadi kumi za amerikani akamstiri maiti wake. Bi Sitara akaandika barua ya tatu, akagonga muhuri, akatoa pole. Pantaleo alipoondoka, mama wa watu alibaki anaitazama kalamu.

"Waridi," akamwita binti wa kaka yake aliyekuwa barazani kwenye cherehani. "Huyu mpangaji wetu anafiwa sana."

"Mapenzi ya Mungu, shangazi."

"Mungu simsemi. Nauliza, matanga anakaa wapi? Mimi nimefiwa na mume mmoja tu, watu walikula hapa siku saba. Yeye kafiwa na watatu, hajachinja hata kuku. Mtazame."

Kumwambia Waridi amtazame mtu ilikuwa kama kumwambia paka amtazame panya. Alimaliza darasa la saba, shule ikaishia hapo, na tangu siku ile alikuwa ameinama kwenye cherehani ya marehemu mama yake, miaka minane sasa. Aliyeinama kwenye cherehani haoni nyuso, anaona miguu. Waridi alikuwa anaujua mtaa mzima kwa miguu: nani katoka kwake kwa haraka, nani anatembea kama mtu mwenye siri. Hakuwa msemaji. Aliona, akaweka.

Miguu ya Pantaleo alikuwa ameiweka siku nyingi. Mtu huyu alitoka kusini, upande wa Masasi, umri wake ulikuwa unakaribia arobaini, na alikuwa seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli huko Gerezani. Kazini alitoka saa tisa na nusu, lakini nyumbani alifika magharibi. Viatu vyake vilikuwa na unga wa mbao, sawa, ni seremala. Lakini suruali ilinuka petroli, na hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, hata baiskeli hakuwa nayo. Mara alipita na masanduku ya chai yaliyobomolewa, mbao zake nyembamba amezifunga kwa kamba. Mara alipita amekumbatia kitu kizito ndani ya blanketi kama mtu anayempeleka mgonjwa Muhimbili, nalo blanketi likadondosha oili tone moja barazani. Waridi akalifuta kwa unyayo, akaweka.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa kushukiana. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Asubuhi watu waliokota miche ya sabuni mtaroni, imetupwa na walioogopa kukutwa nayo. Mwenye mifuko miwili ya sukari alilala jicho moja wazi. Kila mlango uliofungwa mchana ulikuwa na la kujibu.

Siku hiyo basi, wiki moja baada ya binamu kufa, miguu ya Pantaleo ikasimama mbele ya cherehani. Waridi akainua uso.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada. Nina kazi yako."

Akafungua jamvi. Ndani yalikuwa mafungu matatu ya amerikani, mapya, hayajaguswa na maji. Yadi kumi, kumi, na kumi. Waridi hakuhitaji kuhesabu. Mafungu mawili yalikuwa bado yamefungwa kamba ya duka la ushirika.

Sanda. Mjomba, baba mdogo na binamu walizikwa na nini, basi? Halafu sanda haishonwi. Hata mtoto wa madrasa anajua.

"Nishonee mifuko miwili," Pantaleo akasema, akatoa karatasi yenye vipimo. "Mirefu hivi. Huku mipana, huku inapungua. Mdomo wazi upande mmoja. Kitakachobaki, mifuko midogo mitatu kama nilivyochora."

"Ya kutilia nini?"

"Mbao."

"Mbao nazo siku hizi zinavaa?"

"Hizi zinavaa." Hakucheka. Akachomoa mfukoni vigurudumu sita vya uzi, akavipanga kimoja kimoja juu ya meza ya cherehani. Uzi wa kitani, rangi ya asali, umepitishwa kwenye nta. Waridi alikuwa hajaona uzi kama ule tangu maduka yaanze kuuza rafu tupu. "Uzi ni huu, dada. Usiuchanganye na mwingine. Hata shubiri moja."

Akaacha na mche mzima wa sabuni, kama malipo, akaenda chumbani kwake. Agnesi, jirani aliyekuwa akikaanga mihogo ng'ambo ya mtaro, alikuwa ameona yote. Alivuka na kijiko chake cha chuma mkononi.

"Shoga, mifuko yote hiyo? Mita ngapi?"

"Nne na zaidi kila mmoja."

"Huyo kaoa jini. Jini mrefu. Anamshonea gagulo." Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akashusha sauti. "Au magendo. Unashona gunia la kahawa, mwenzangu. Wakija kukamata wataanza na nani? Na mwenye cherehani."

Maneno yale yalimkaa Waridi. Usiku wake haukuwa mzuri, na asubuhi alikuwa ameamua. Kukataa kazi asingeweza, sabuni ilikuwa imeshaanza kutumika. Lakini kumpa mlanguzi uzi wa kitani ilikuwa kufuru. Nguo za shule za mtaa mzima zilikuwa zinasubiri uzi. Na ndani ya kopo la maziwa alikuwa na uzi wa mama yake, wa miaka kumi na mitano, mweupe, ambao ukiuvuta kidogo unakatika kama utando wa buibui. Mwizi akiibiwa, alijiambia, hana kituo cha kwenda kushtaki.

Akauchemsha uzi wa zamani kwenye chai ya rangi, nzito, isiyo na sukari, mpaka ukawa rangi ya asali. Akauanika. Akaupitisha kwenye kipande cha mshumaa. Hata yeye mwenyewe, akiuweka karibu na ule wa kitani, ilibidi aguse ndipo ajue. Mifuko mitano ikashonwa kwa uzi wa chai, na vigurudumu sita vya kitani vikaingia kwenye kopo. Kimoja na nusu kikaisha mwezi ule kwenye mashati ya wanafunzi.

Pantaleo alipokuja kuchukua mifuko alipitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayesoma.

"Mkono wako mzuri," Pantaleo akasema. Kisha akabaki amesimama. "Kola ya kanzu unaikazaje mpaka inasimama vile?"

"Kwa wanga. Unakuna muhogo, unakamua, maji yakitulia unamwaga, kinachobaki chini unakipika uji mwepesi. Unapaka, unaanika."

"Ikikauka inavuta kitambaa?"

"Inavuta mpaka ukikigonga kinalia."

Macho yake yaliwaka kwa namna ambayo Waridi hakuipenda. Kesho yake alinunua kwa Agnesi debe zima la muhogo mbichi, akalibeba begani kuelekea Gerezani. Debe la muhogo, na unga ulivyo adimu! Bi Sitara alimwona kutoka dirishani.

"Mfuate," akasema. "Uchukue kikapu, ujifanye unakwenda sokoni."

Waridi akamfuata. Walipita nyuma ya soko, wakavuka kule kwenye karakana na vyuma chakavu, mpaka uwanda wa reli ambako nyasi zimeota katikati ya mataruma. Pale pembeni palikuwa na banda la mabati lisilo na dirisha. Pantaleo akafungua kufuli, akaingia, akarudishia. Waridi akangoja. Alipochoka kungoja akangoja tena. Kisha akaenda upande wa nyuma, akatafuta tundu la msumari, akaweka jicho.

Aliona mfuko wake. Ulikuwa umevishwa juu ya mbavu za mbao nyembamba, nyingi, zimepangana kama za samaki aliyeliwa nyama, na Pantaleo alikuwa anaupaka wanga kwa brashi, huku anauimbia kwa sauti ya chini.

"Ingia tu, dada," alisema bila kugeuka. "Anayechungulia huona nusu, na hiyo nusu ndiyo huwafikisha watu kituoni."

Akaingia, maana kukimbia kungekuwa aibu zaidi. Katikati ya banda palikuwa na kitu kirefu kama mtumbwi mwembamba, kimetengenezwa kwa mbao za masanduku ya chai. Maandishi ya mashamba ya chai yalikuwa bado yanasomeka ubavuni. Mbele yake palikuwa na injini ya foksi, yale magari ya mgongo wa kobe, na kwenye pua ya injini pangaboi la mninga lenye pande mbili, limepigwa msasa mpaka linang'aa. Chini, magurudumu mawili ya toroli.

"Ndege," Waridi akasema.

"Itakuwa, mabawa yakikauka."

"Na marehemu?"

Pantaleo akaweka brashi. "Wapo hai wote. Baba mdogo ndiyo kwanza kaoa mke wa pili. Yadi ishirini na nane nilihitaji, dada, na anayetaka yadi ishirini na nane mwaka huu lazima awe na wafu. Nitamlipa shangazi yako kwa namna nyingine."

"Unakimbilia wapi?"

"Sikimbii."

"Mtu hajifichi mwaka mzima ajenge ndege, apae, ashuke palepale alipopandia."

"Mimi ndivyo." Akakaa juu ya kigoda, mikono imejaa wanga. "Nilipokuwa mdogo, misheni kwetu kulikuwa na kindege cha daktari. Kazi yangu kufukuza mbuzi uwanjani kisije kikawagonga. Miaka minane nimefukuza mbuzi. Nilikuwa nakijua kila kijiti, nilikuwa nakiosha, na hata siku moja sikuambiwa, wewe kijana, panda uone. Sasa nataka kupanda, nione, nishuke. Petroli yenyewe lita nne. Itanifikisha wapi?"

Waridi hakuamini. Alikuwa ameona watu wengi wakisema uongo barazani, na wengi walianza na habari za utoto wao. Alikuwa bado anampima kwa macho pale Pantaleo alipomshika mkono, kwa adabu, akauweka juu ya mshono wa bawa.

"Injini ikizima nitateleza na upepo, nitashuka. Mbavu moja ikivunjika zipo zingine. Lakini huu," akagonga, "ukifumuka juu kule, upepo unaingia ndani na bawa linakuwa gunia. Hapo sina la kufanya. Ndiyo maana nilikwambia uzi usichanganye. Uzi ule nimeupata Upanga kwa mjane wa fundi viatu. Jumamosi zangu zote za miezi mitatu nilikuwa namtengenezea makabati."

Mkono wa Waridi ulibaki pale juu ya uzi wa chai. Angesema nini? Kaka, nilikudhani mwizi, basi nikakuibia? Kisha likamjia wazo baya zaidi: labda anajua. Labda ameshaonja, ameshavuta, na sasa ananisubiri niseme mwenyewe. Akamtazama machoni. Pantaleo akamtazama. Hakuna aliyesoma kitu.

"Nimesikia," Waridi akasema, akachukua kikapu chake akaondoka.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kila Pantaleo alipopita barazani Waridi alihisi macho yake yakisimama kwenye mashati ya shule yaliyotundikwa, kwenye vifungo vyake, vilivyoshonwa kwa uzi wa kitani. Alianza kuyageuza nje ndani.

Jumamosi, Bi Sitara alimkalisha jikoni.

"Umemfuata wiki iliyopita. Umeona nini?"

"Anatengeneza kitanda, shangazi."

"Kitanda gani kinanuka petroli? Waridi, barua tatu zina muhuri wangu. Nikiulizwa nitajibu nini? Jumatatu nakwenda kwenye tawi la chama kusema. Kama una la kuniambia, niambie nikiwa shangazi, kabla sijawa balozi."

Na hapo ndipo Waridi alipoona mlango umefunguka. Akisema sasa hivi, kufikia kesho banda lile litakuwa limezungukwa. Ndege itachukuliwa, Pantaleo hatapaa, hatakufa, na hakuna mtu duniani atakayejua habari ya uzi. Neno moja tu, na kila kitu kinakwisha salama. Isipokuwa yule bwana atakwenda ndani na miaka yake minane ya mbuzi, kwa kosa ambalo mwenye nalo amekaa jikoni anamenya vitunguu.

"Kitanda, shangazi," akarudia. Machozi yalimtoka; akasingizia vitunguu.

Jumapili mchana Agnesi alikuja mbio, miguu peku.

"Mpangaji wenu kapita Msimbazi na mikokoteni miwili! Kafunika turubai lakini upepo ukafunua, shoga, mabawa! Mabawa meupe kama ya malaika. Wapagazi wanaulizwa, wanasema ya maonyesho ya Saba Saba."

"Kaelekea wapi?"

"Jangwani."

Waridi akajua. Jumapili ikifika saa nane magari yote yanalazwa, amri ya kubana petroli. Barabara ya Morogoro inakuwa kimya kama makaburini, na uwanda wa Jangwani, mvua zikishakatika, unakuwa mkavu, mtupu. Kwa anayetaka njia isiyo na watu, ndiyo siku yenyewe. Akalichukua kopo la maziwa, akaliweka ndani ya kanga, akakimbia.

Alimkuta peke yake. Wapagazi walikuwa wamelipwa wakaenda zao. Mabawa yalikuwa yamefungwa mahali pake, na mbele ya upepo wa kusi chombo chote kilikuwa kinatetemeka kidogo, kama mbuzi anayetaka kukata kamba. Pantaleo alikuwa amevaa shati safi la kanisani.

"Kaka Pantaleo, usipande."

"Una nini?"

"Mshono mbovu."

Pantaleo alimtazama, kisha akatazama nyuma yake. Kule barabarani mgambo Zahoro, ambaye kazi yake Jumapili ilikuwa kuvizia magari yanayopita baada ya saa nane, alikuwa ameacha kituo chake na anakuja huku akikokota baiskeli.

"Umemleta nani?"

"Sikumleta mtu!"

"Shangazi yako ni balozi. Umenifuata, umenichungulia, umekaa kimya siku zote. Leo nimefunga kila kitu ndipo mshono unakuwa mbovu, na mgambo huyo anakuja. Wamekwambia unicheleweshe dakika ngapi?"

"Haki ya Mungu, sijatumwa! Niliiba." Akalitoa kopo, akalifungua. Vigurudumu vikang'aa juani. "Uzi wako huu hapa. Nilishonea wa mama, uliooza. Niliuchemsha kwenye chai ufanane."

Pantaleo akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani. "Mpaka na chai! Aliyekufundisha uongo huu kakufundisha vizuri. Vigurudumu hivyo ni vilivyobaki, kila fundi hubakiza. Tokeni mbele yangu, wewe na huyo unayemngoja." Akageuka kwenda kulishika pangaboi.

Alikuwa na haki ya kutoamini. Hilo Waridi alilielewa hata pale. Angekuwa yeye, asingeamini. Akaliweka kopo chini, akainama chini ya bawa la kushoto, akatafuta mshono. Wanga ulikuwa umekauka mgumu kama kigae. Akaingiza ukucha. Akavuta.

Uzi ukalia ta-ta-ta-ta kama mahindi kikaangoni. Bawa likafunguka urefu wa mkono, kisha urefu wa mtu, na kusi ikaingia ndani, kitambaa kikaanza kupigapiga.

Pantaleo aliliachia pangaboi. Alikuja polepole. Waridi alidhani atampiga, akafumba macho. Lakini yeye aliushika ule uzi uliokuwa unaning'inia, akaukata bila nguvu yoyote, akauweka kwenye ulimi.

"Chai," alisema.

Akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na shati lake la kanisani.

Zahoro alifika akihema. Aliizunguka ndege mara mbili, mikono mgongoni. "Ndugu, hiki ni nini?"

"Cha Saba Saba," Waridi akajibu, maana Pantaleo alikuwa bado anautazama ule uzi.

"Saa nane na dakika tano. Chombo cha moto hakitakiwi barabarani." Akagusa injini. "Mmh. Baridi. Hakijawashwa." Akaona ule mpasuko unavyopepea. "Na nguo imechanika."

"Imechanika."

"Basi hiki si chombo, ni mzigo. Uondoeni." Akapanda baiskeli yake, akaenda kungoja magari.

Wiki iliyofuata Waridi alishinda Gerezani kila alasiri. Alifumua mishono yote, akashona upya kwa mkono, kwa shazia ile ya kushonea magunia, na uzi wa kitani. Kila alipomaliza urefu wa hatua moja, Pantaleo alikuja, akaushika mshono kwa vidole viwili, akavuta mara mbili kwa nguvu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Uzi ulipopungua, Waridi alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba mashati ya shule aliyokwisha kuyauza, eti ayaangalie vifungo. Akafumua alichokuwa amekiiba, shubiri kwa shubiri, akashonea tena kwa uzi mbovu, safari hii akiwaambia wenyewe kwamba ni mbovu. Mtaa ukaanza kumshuku yeye. Agnesi akasema, "Shoga, una nini siku hizi? Unanyang'anya watoto mashati."

Bi Sitara naye hakwenda tawini Jumatatu, kwa sababu Waridi alimwambia yote, kuanzia kopo la maziwa.

"Kwa hiyo mwizi nilikuwa naishi naye," Bi Sitara akasema, "na mwongo nilikuwa namwandikia barua. Jumapili nakwenda kuona wafu wangu. Akishashuka nitajua la kufanya. Asiposhuka pia nitajua. Barua ya sanda nitaandika kwa jina lake mwenyewe."

Jumapili ile walikwenda mapema, saa saba na nusu, amri ikiwa bado haijaanza, ili Zahoro asipate la kuandika. Zahoro alikuwepo, ameegemea baiskeli, saa yake ya mkono ameigeuzia usoni. Pantaleo alizunguka ndege, akavuta kila mshono mara mbili, hata ile aliyoivuta usiku uliotangulia. Akapanda. Waridi na mpagazi mmoja wakashika mkia, mpagazi wa pili akaenda mbele kwenye pangaboi. Pangaboi lilipigwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu foksi ikapokea, na vumbi likawafunika.

"Achieni!"

Ndege ikakimbia ikirukaruka kama kuku aliyefungwa mguu. Ikaendelea kukimbia. Waridi alikuwa ameshaanza kuamini kwamba haitainuka, na alikuwa anashukuru, ndipo akaona anga kati ya magurudumu na ardhi. Kidogo tu, kama kimo cha kigoda. Halafu kimo cha nyumba. Halafu minazi miwili ikibebana.

Watu walitoka Magomeni, wakatoka Kariakoo, wakasimama juu ya tuta wakipiga kelele. Bi Sitara alikuwa amekinga jua kwa kiganja.

"Mjomba yule pale," akasema kwa sauti, akinyoosha kidole. "Bawa la kushoto. Baba mdogo la kulia. Binamu ni mkia. Wote watatu nimewaandikia mimi, mchana kweupe!"

Waridi hakuwa anaitazama ndege. Alikuwa anautazama mstari mmoja mwembamba chini ya bawa la kushoto, na alipoupoteza kwa umbali aliendelea kuutazama. Ndege ilikwenda upande wa Upanga. Hapo moyo ukamgeuka: anakwenda. Alisema uongo, ana petroli nyingine, haoni haya, anakwenda moja kwa moja. Alijikuta anahesabu pumzi zake, akiwa hajui anaomba nini, arudi au aendelee.

Juu ya mikoko ya mto Msimbazi bawa moja likainama. Likainama zaidi. Mtu akapiga yowe. Mstari ukaonekana tena, umenyooka, haujafunguka, na ndege ilikuwa inageuka, inageuka bado, na pua yake ikaelekea kwao.

Alishuka vibaya. Aligonga chini, akaruka, akagonga tena, gurudumu moja la toroli likachomoka likaenda zake kuelekea mto, na ndege ikajizungusha ikasimama imelalia ubavu. Vumbi lilipotulia Pantaleo alikuwa bado ameketi, mikono kwenye usukani, kama mtu anayengoja kuambiwa ashuke.

"Saa nane kasoro dakika nne," Zahoro akasema, akishusha mkono wenye saa. "Ana bahati."

Jumatatu walikuja watu na Landrova, wakaichukua ndege, wakasema inakwenda kuchunguzwa. Haikurudi. Pantaleo alijibu maswali siku nne, na kila alipoulizwa alikuwa anakwenda wapi alijibu lile lile, wakamwachia kwa kuchoka. Bi Sitara aliitwa tawini kueleza barua tatu. Alieleza, akarudi amenuna, na tangu hapo hakuandika barua ya sanda kabla ya kwenda kumwona maiti kwa macho yake, akimfunua uso, wafiwa wakichukia wasichukie.

Pantaleo aliendelea kukaa chumba kile. Hakumwambia mtu kamwe habari ya uzi wa chai, na nguo zake aliendelea kumpelekea Waridi azishone. Ila kila alipokuja kuchukua, iwe suruali, iwe kiraka cha shati, alisimama mbele ya cherehani, akashika mshono kwa vidole viwili, akavuta mara mbili.

Waridi aliacha kazi yake, akamngoja avute.